Mistari Sambamba ya Dunia na Mbegu za Vitunguu

Wakulima wengi wamekwisha kuona ramani ya dunia ukutani shuleni au katika ofisi ya kilimo. Juu yake imechorwa mistari, mingine ikienda toka mashariki hata magharibi, mingine toka kaskazini hata kusini. Mistari hii si mapambo. Ukiielewa ile ya mashariki na magharibi, utajua kwa nini mbegu njema ya Ulaya yaweza kukutia hasara hapa Kenya.

Mistari hiyo huitwa latitudo. Mkubwa kati yao ni Ikweta, unaoizunguka dunia katikati. Hapa kwetu hupita karibu na Maseno na Nanyuki. Namba yake ni 0. Toka hapo twahesabu digrii kwenda kaskazini mpaka 90 kwenye ncha ya dunia, na vivyo hivyo kwenda kusini. Digrii moja ni mwendo wa kilomita 111 hivi. Mombasa iko digrii 4 kusini ya Ikweta. London iko digrii 51 na nusu kaskazini.

Kwa nini basi huitwa mistari sambamba? Tazama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Nafasi kati ya mstari na mstari ni ile ile toka mwanzo wa shamba hata mwisho, wala mistari haikutani. Hiyo ndiyo maana ya sambamba. Lakini dunia ni mviringo, kwa hiyo tazama pia paa la nyumba ya msonge. Fito zinazolizunguka paa ni duara: ya chini ni kubwa, na kadiri unavyopanda zinapungua, lakini hata moja haigusi nyingine. Huo ni mfano wa latitudo. Miti inayobeba fito hizo yote hukutana kileleni. Huo ni mfano wa longitudo, mistari inayokutana kwenye ncha za dunia. Hiyo si sambamba.

Faida yake ni hii. Kila mahali palipo juu ya mstari mmoja wa latitudo pako mbali sawasawa na Ikweta, na kwa hiyo hupata mchana wa urefu mmoja. London mchana wa mwezi wa Juni hufika saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki saa 8. Katika Kenya nzima mchana hauzidi saa 12 na nusu mwaka mzima.

Kitunguu huufuata urefu huo. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zivimbe chini. Ukizipanda hapa zitangoja mchana usiokuja: utapata majani mengi na shingo nene, lakini hutapata kitunguu cha kuuza, hata ukitia mbolea na maji. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, huvimba vizuri kwetu.

Kumbuka kwamba latitudo haikuambii habari zote. Nanyuki iko juu ya Ikweta nayo ina baridi, kwa sababu ya mwinuko wake.

Basi kabla hujatoa fedha, soma pakiti ya mbegu. Kama haisemi ni ya mchana mfupi, muulize kwanza Bwana Shamba wako.