Ala za Fanfari (3): Tarumbeta ya Pili ya Mwanafunzi

Tarumbeta ya pili hununuliwa pale ya kwanza inapoanza kumzuia mwanafunzi, si kwa kuhesabu miaka aliyojifunza. Dalili zake zinajulikana: pistoni hukwama katika vipande vya haraka, Re ya chini hukataa kukaa mahali pake, na sauti za juu humchosha mpulizaji kwa kuwa hewa inavuja njiani. Katika fanfari za makanisa ya Kongo, kama zile za Wakimbanguisti, ala nyingi ni mali ya kikundi na zimepita midomo mingi. Kijana wa Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika, anayetaka kununua yake mwenyewe hulazimika basi kujua anachotafuta.

Kwanza ni sauti ya msingi. Tarumbeta ya kawaida ya fanfari ni ya Si bemoli. Ile ya Do huonekana zaidi katika okestra za Ulaya na Marekani, na kijana akija nayo mazoezini itambidi ahamishe kila noti. Katika Jeshi la Wokovu, lililoingia Kongo mwaka 1934, desturi ni korneti. Vidole ni vilevile, lakini bomba lake hupanuka polepole, na sauti hutoka laini zaidi. Anayepulizia huko amwulize kiongozi wake kabla ya kutoa pesa.

Wauzaji hupenda kusifu upana wa bomba. Sifa hiyo haina uzito mkubwa: Yamaha YTR-2330, ya wanaoanza, ina kipenyo cha milimita 11.65, na Bach Stradivarius 180 yenye mdomo wa kutokea sauti namba 37, ya wapulizaji wa kazi, ina 11.66. Tofauti iko kwingine. Mdomo mpana wa ala ya bei kubwa mara nyingi hufuliwa kwa nyundo kutoka bamba moja la shaba, ilhali wa ala ya kujifunzia huunganishwa kwa vipande viwili. Shaba ya njano ina takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu, iliyobaki ni zinki. Ile iitwayo ya dhahabu hufikia 85, na sauti yake huwa nzito kidogo. Sikio la mwanafunzi ndilo liamue, si rangi.

Pistoni ndizo moyo wa ala. Anayenunua iliyotumika, iwe imevuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura au imeletwa na ndugu kutoka Ulaya, anaweza kuzipima bila chombo chochote. Mrija wa pistoni moja huvutwa nje kidogo pistoni ikiwa juu, husubiriwa sekunde chache, kisha pistoni hubonyezwa. Ikisikika “pop”, hewa ilikuwa imefungika. Ukimya maana yake kuna uvujaji, na pistoni iliyolika haitengenezwi na fundi wa kuchomelea radieta, hata awe hodari namna gani.

Mrija wa pistoni ya tatu uwe na pete ya kidole na uteleze kwa wepesi. Re ya chini na Do dieze hupanda kwa maumbile ya ala yenyewe, na dawa yake ni kuusukuma mrija huo nje wakati wa kupuliza. Ala nzuri zaidi huongeza kishikio cha kidole gumba kwenye mrija wa kwanza. Mrija mkuu, ambao ukivutwa hushusha sauti ya ala nzima, nao usiwe umeganda: kwenye joto la mchana pwani ya Ziwa Tanganyika ala za kupuliza hupanda sauti, na kinanda cha kanisa hakipandi nazo.

Kipande cha kupulizia kinaweza kubadilishwa peke yake, na wengine hugundua kwamba hicho tu ndicho walichohitaji. Wengi huanza na 7C, kisha huhamia 5C au 3C midomo ikishapata nguvu. Pistoni hupakwa mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mawese na mafuta mengine ya kupikia huganda ndani na kuzinatisha.