Mtoto anapotaka kutengeneza deraya: Mzazi ahofie moshi na kelele kuliko upanga

Kuna wazazi wanaomkuta mtoto wa miaka 13 ameketi chumbani na plaizi mbili, kopo la pete ndogo za waya na kitu kinachofanana na kipande cha wavu wa chuma. Akiulizwa anafanya nini, anajibu kwamba anatengeneza deraya, yaani vazi la vita la askari wa zamani, kama aliloliona kwenye filamu au mchezo wa video.

Jambo la kwanza linalomjia mzazi huwa ni hofu ya silaha. Leo deraya, kesho upanga. Wengine hukataza palepale, na waya ukaishia jalalani.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi inaelekezwa pasipo penyewe. Katika kazi hii, kinachoweza kumdhuru mtoto kwa haraka ni moshi wa chuma kilichopakwa zinki, kelele ya nyundo, mvuke wa gundi na vipande vya waya vinavyorukia macho. Mzazi anayevijua vitu hivyo vinne anaweza kumruhusu mwanawe afanye kazi ya mikono yenye faida bila kuhatarisha afya yake.

Burudani yenye historia

Kutengeneza na kukusanya deraya za kuiga zile za kale ni burudani ya watu wengi Ulaya na Marekani. Mwaka 1966 huko Berkeley, California, kundi la marafiki lilifanya sherehe ya mapambano ya kizamani. Hapo ndipo ilipozaliwa Society for Creative Anachronism, chama ambacho wanachama wake hushona nguo, hupika vyakula na kutengeneza vifaa vya Ulaya ya kale. Katika mapambano yao hutumia fimbo za henzerani badala ya panga, lakini deraya wanazovaa zinapaswa kumkinga mtu kwelikweli, kwa sababu fimbo nayo inaumiza.

Wapenzi wa kazi hii hujifunza kwa kutazama vitu halisi. Uingereza kuna makumbusho ya Royal Armouries, yaliyofunguliwa mjini Leeds mwaka 1996, na Wallace Collection jijini London. Mjini Graz, Austria, kuna ghala la kale la silaha lenye vitu vinavyofikia 32,000. Katika jumba la Metropolitan jijini New York, mkuu wa kwanza wa idara ya silaha na deraya alikuwa Bashford Dean, msomi aliyeanza kama mtaalamu wa samaki. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alitumia ujuzi wake wa deraya za kale kubuni kofia za chuma za askari wa Marekani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si geni kabisa. Katika Qur'ani, Nabii Daudi anatajwa kuwa alifundishwa kutengeneza mavazi ya vita. Katika Biblia, kijana Daudi alivua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuyazoea, akaenda kumkabili Goliathi na kombeo. Na Wareno walioanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593, walitoka katika Ulaya ambayo deraya za chuma zilikuwa bado zinavaliwa vitani.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Zipo njia tatu kubwa. Ya kwanza ni deraya ya pete. Fundi huzungusha waya kwenye fimbo ya chuma hadi ufanane na springi, kisha huukata kwa urefu ili upate pete moja moja. Kila pete hupitishwa ndani ya pete nyingine nne na kufungwa kwa plaizi. Shati moja la mtu mzima linaweza kuhitaji pete 20,000 au zaidi. Mtoto anayeunganisha pete 100 kila siku atahitaji siku 200 kufikisha idadi hiyo.

Ya pili ni deraya ya bamba la chuma. Kwanza hukatwa kielelezo cha boksi na kupimwa mwilini. Kikikaa vizuri, umbo lake huchorwa kwenye bamba, likakatwa na kugongwa kwa nyundo juu ya gogo lenye shimo hadi lipinde. Baadaye vipande huunganishwa kwa ribiti na mikanda ya ngozi, na ndani huwekwa kitambaa kinene.

Ya tatu, na ndiyo inayowavutia zaidi vijana, ni ya sponji ngumu, ile ya jamii inayotengenezewa kandambili na mikeka ya kuchezea watoto. Hukatwa kwa kisu, hupashwa joto ili ipinde, huunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya chuma. Hata katika filamu si kila kinachong'aa ni chuma. Kwa ajili ya filamu za The Lord of the Rings, mafundi wa Weta Workshop huko New Zealand waliunganisha kwa mikono mamilioni ya pete zilizokatwa kutoka kwenye mabomba ya plastiki.

Homa inayofanana na malaria

Waya na bamba ambazo ni rahisi kupatikana madukani ni zile zilizopakwa zinki ili zisishike kutu, kama mabati ya kuezekea. Kuzikata na kuzipinda zikiwa baridi hakuna shida kubwa. Tatizo huanza zinapotiwa kwenye moto au kuchomelewa. Zinki hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kupata ugonjwa unaojulikana na madaktari kama homa ya moshi wa metali.

Dalili zake ni homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya misuli na kichwa, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Huanza saa chache baada ya kazi, mara nyingi kati ya saa 4 na 10. Kijana anaweza kufanya kazi mchana akiwa mzima na kuanza kutetemeka usiku.

Mzazi wa ukanda huu akiona dalili hizo atafikiria malaria, na ni sawa kupima. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, mhudumu wa afya anapaswa kuambiwa kwamba mtoto alikuwa akichoma chuma. Taarifa hiyo inaweza kumwepushia dawa asizozihitaji. Homa hii kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo, mtoto anayepumua kwa shida, anayebanwa kifua au mwenye pumu apelekwe hospitali bila kusubiri. Baadhi ya nati na bolti za zamani hupakwa kadimiamu, na moshi wake unaweza kuharibu mapafu vibaya na hata kuua.

Kanuni ni fupi: chuma kilichopakwa hakiingizwi motoni. Kuichubua zinki kwa tindikali nyumbani nako si suluhisho, maana tindikali huunguza ngozi na mvuke wake huumiza mapafu. Ni bora kununua chuma ambacho hakijapakwa kitu, au waya wa aluminiamu ambao ni laini na hauhitaji moto. Na kama kuna kazi ya mkaa, ifanyike nje. Mkaa unaowaka ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko.

Masikio hayana vipuri

Anayepita Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam anaijua sauti ya nyundo juu ya bamba. Deraya ya chuma hutengenezwa kwa sauti hiyohiyo, tena karibu kabisa na sikio.

Wataalamu wa afya kazini huchukulia kelele ya desibeli 85 kuwa kikomo kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Zikifika 100, muda huo unabaki dakika 15 tu, na nyundo juu ya chuma inaweza kufika hapo na kupita. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Dalili ya mwanzo ni mlio masikioni baada ya kazi, au mtoto kuanza kuongeza sauti ya televisheni. Kinga yake ni viziba masikio vya sponji au vile vinavyofunika sikio zima. Pamba ya kawaida haitoshi. Kugongea juu ya gogo au mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, badala ya chuma juu ya chuma, nako hupunguza kelele.

Gundi, vumbi na macho

Gundi inayotumika kwenye sponji ni ya jamii ileile ya mafundi viatu. Nyingi zina kimiminika kinachoitwa toluini, ambacho mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo. Ni gundi hizohizo ambazo baadhi ya watoto wa mitaani huzinusa. Mtoto asiachwe nayo peke yake chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Ipakwe nje au barazani, kopo lifunikwe mara moja, na mzazi ndiye alihifadhi.

Sponji inayosuguliwa kwa msasa hutoa vumbi laini, hivyo barakoa inahitajika. Lakini barakoa ya kuzuia vumbi haizuii mvuke wa gundi, na wengi hulisahau hilo.

Macho ni rahisi kuyakinga na rahisi pia kuyapoteza. Ncha ya waya inaruka inapokatwa, na ribiti inaweza kuchomoka chini ya nyundo. Miwani ya kukinga macho ivaliwe tangu pete ya kwanza. Kipande kikiingia jichoni, lisisuguliwe wala kuchokonolewa. Mtoto apelekwe kituo cha afya.

Mwili unaobeba chuma

Shati la pete huweza kufikia kilo 10, na deraya kamili ya bamba kati ya kilo 15 na 25, nyingine hata zaidi. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha utafiti waliowapima watu waliotembea na kukimbia juu ya mashine wakiwa wamevaa deraya za kuiga. Walibaini kwamba kutembea na deraya kulitumia nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea bila kitu. Sababu moja ni chuma kilichofungwa miguuni, ambacho huinuliwa kila hatua. Tena bamba la kifuani liliwafanya wavute pumzi fupi za harakaharaka.

Kwa mtoto anayekua, na katika joto la pwani, hilo si jambo dogo. Vazi zito livaliwe kwa muda mfupi, kivulini, maji yakiwa karibu. Akilalamika kizunguzungu, livuliwe kwanza, maswali baadaye.

Za kununua

Wapo wanaopenda kukusanya kuliko kutengeneza. Deraya nyingi za kuiga zinazouzwa duniani hutengenezwa India, na mji wa Dehradun ni maarufu kwa kazi hiyo. Nyingine ni pambo la ukutani tu. Bamba lake ni jembamba na halimkingi mtu dhidi ya pigo.

Mnunuzi asidanganyike pia kwa neno "halisi". Katika karne ya 19, mfanyabiashara Samuel Pratt wa London aliwauzia matajiri deraya bandia kama za kale. Kile kinachouzwa kwa bei ndogo mtandaoni kama deraya ya kweli ya miaka 500 iliyopita, karibu kila mara si ya kweli.

Na kofia ya deraya, hata iwe nzuri kiasi gani, si helmeti ya bodaboda. Helmeti ya pikipiki ina sponji maalumu ndani, inayobonyea ili kupunguza nguvu ya pigo. Kofia ya chuma ya kutengenezwa nyumbani haina, hivyo isipandiwe pikipiki hata kwa mzaha.

Mzazi aanzie wapi

Mtoto wa miaka 6 hadi 9 anatosheka na boksi, gundi ya unga na rangi za maji. Wa miaka 10 hadi 13 anaweza kuunganisha pete za aluminiamu zilizokwisha kukatwa, akiwa na miwani. Sponji na gundi kali zisubiri umri ambao anaweza kufuata maelekezo, mtu mzima akiwepo. Nyundo na bamba afundishwe na fundi, na moto uwe wa mwisho kabisa.

Upanga nao uzungumzwe wazi. Familia inaweza kukubaliana kwamba nyumbani kuna deraya, lakini hakuna kitu chenye makali, na mapambano hufanyika kwa fimbo ya sponji. Kanuni inayojulikana mapema huleta ugomvi mdogo.

Kwa upande wa faida, mtoto anapima kifua chake kwa futi kamba, anahesabu pete, anakosea kielelezo cha boksi na kukikata upya. Anajifunza kwamba kazi ya miezi sita haiishi Jumamosi moja. Mzazi asiyejua lolote kuhusu askari wa kale bado anaweza kukaa pembeni akashika plaizi ya pili. Akiwa hapo, ataona kama miwani imevaliwa na dirisha liko wazi.