Kifaranga Hasimami? Anza na Sakafu

Kifaranga mzima wa siku mbili husimama, hudonoa na kukimbilia maji. Ukimkuta amelalia kifua, mguu mmoja kulia na mwingine kushoto, usikimbilie antibiotiki. Mara nyingi hapo hakuna kijidudu cha kuua. Mkosaji ni gazeti ulilotandika kwenye bruda.

Gazeti huteleza, na misuli ya mapaja ya kifaranga bado ni laini. Kila akijiinua miguu inakimbilia nje, mpaka mwili unazoea kukaa hivyo. Joto kuzidi kwenye mashine ya kutotolea nalo huchangia. Wa aina hii hupona akiwahiwa. Chukua plasta nyembamba, uifunge miguu yote miwili juu kidogo ya vidole, ukiacha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 ili asimame wima. Isibane, ilegeze kila siku maana anakua haraka. Mweke juu ya kitambaa kikavu kisichoteleza, maji na chakula viwe jirani. Wengi hutembea baada ya siku chache. Ukingoja wiki nzima, mifupa imeshaanza kukomaa ikiwa imepinda.

Vidole vikikunjika kwa ndani kama ngumi, habari ni nyingine: amekosa vitamini B2. Neva kubwa ya mguu huvimba, kifaranga akabaki kutembelea vifundo. Hili huwapata sana wanaolishwa mahindi na pumba za kuchanganya nyumbani bila premiksi, au waliozaliwa na mama aliyekosa lishe. Vitamini ya kuchanganya na maji husaidia siku za mwanzo tu. Neva ikishaharibika, hairudi. Na chakula usikianike juani, kwani mwanga huiharibu vitamini hiyo.

Kifundo kilichovimba na kano iliyochomoka mahali pake, mara nyingi kwa upungufu wa manganizi, hakirekebishiki. Kumwacha kifaranga huyo ajiburute ni kumtesa.

Wakishavuka wiki kadhaa, ukimwona mmoja amenyoosha mguu mbele na mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa Marek. Ni virusi, hauna tiba. Mtenge, umwite mtaalamu wa mifugo. Kinga yake ni chanjo ya siku ya kwanza, kabla kifaranga hajatoka kiwandani. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji kama wamechanjwa, na maranda yawe yameshatandazwa nyumbani kabla boksi halijafika.