Je, ustadi wa dereva unaweza kuifanya kasi kuwa salama barabarani?

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Mei 3, 2025, mfanyabiashara na dereva wa mbio za magari wa Uganda, Rajiv Ruparelia, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 35, katika ajali iliyotokea kwenye tawi la Munyonyo la barabara ya mwendokasi ya Kampala hadi Entebbe. Polisi walieleza kwamba gari lake liligonga vizuizi vya zege katika eneo la ujenzi wa daraja la juu la Busabala, likapinduka na kushika moto.

Mjadala uliofuata jijini Kampala uligawanyika. Wapo waliotaja kasi, na wapo waliolaumu namna vizuizi hivyo vilivyowekwa na alama za tahadhari katika eneo hilo. Chochote kilichosababisha ajali hiyo, msiba wa mtu aliyezoea kushindana kwenye usukani ulirejesha swali ambalo madereva wengi hulijibu kimoyomoyo kila wanapokanyaga mafuta: je, anayejua kuendesha vizuri anaweza kwenda kasi kuliko wengine bila kuwa hatari?

Jibu lina uzito kwa maisha ya watu wengi. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka ya Polisi ya Uganda, watu 5,144 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2024. Sehemu kubwa ya wanaofariki hawamo ndani ya magari. Ni watembea kwa miguu na wale walio juu ya pikipiki, wakiwemo waendesha bodaboda na abiria wao.

Hesabu ambayo ustadi haubadilishi

Gari halisimami pale dereva anapoiona hatari. Kwanza hupita muda wa dereva kutambua kilicho mbele yake na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, na muda huo wote gari linaendelea na mwendo wake. Kisha huja umbali ambao breki zenyewe zinauhitaji. Umbali huu wa pili hauongezeki kwa kiwango sawa na kasi: kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne.

Chukulia magari mawili yanayofanana, yenye breki nzima, yakiwa sambamba kwenye lami kavu. La kwanza linakwenda kilomita 50 kwa saa, la pili 70. Mtoto anaingia barabarani. Ikiwa kila dereva anatumia sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, gari la kwanza litasimama baada ya takriban mita 28. Pale lilipo sasa gari la kwanza, likiwa limesimama kabisa, gari la pili bado litapita likiwa na kasi ya karibu kilomita 58 kwa saa.

Sasa mweke dereva stadi kwenye gari la pili, mwenye macho makali na mguu mwepesi, anayehitaji sekunde 0.7 badala ya sekunde moja. Atafika mahali palepale akiwa na kasi ya takriban kilomita 48 kwa saa. Ustadi wake umesaidia, lakini haujamwokoa mtoto. Ili asimame sawa na dereva wa kawaida wa kilomita 50, angelazimika kukanyaga breki karibu papo hapo mtoto anapojitokeza, jambo lisilowezekana kwa mwanadamu yeyote. Kilomita 20 za ziada zimekwishameza faida yote ya wepesi wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila ongezeko la asilimia 1 katika wastani wa mwendo huongeza kwa asilimia 4 hatari ya ajali zinazoua. Kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari, hatari ya kufariki huongezeka mara 4.5 kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Barabara si ya dereva peke yake

Upo upande mwingine ambao ustadi wa dereva haufiki kabisa, nao ni uamuzi wa watu wengine. Mama anayetaka kuvuka barabara karibu na soko la Kalerwe hana kipimo cha mwendo. Anatazama umbali wa gari linalokuja na kukisia muda alionao, kwa kutumia kasi aliyozoea kuiona mahali hapo. Vivyo hivyo kwa bodaboda anayeingia barabara kuu kutoka kwenye njia ya vumbi, au taksi ya abiria inayoondoka kituoni.

Dereva anayekuja kwa kasi isiyotarajiwa anaivuruga hesabu ya watu hao wote. Huenda anajua vyema gari lake linaweza kufanya nini, lakini wao hawajui yeye ni nani wala anakwenda kasi gani hadi muda wa kurudi nyuma umekwisha.

Funzo kutoka Safari Rally

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kulijaribu jambo hili. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye kujulikana kama Safari Rally. Kwa miongo kadhaa madereva hodari kabisa duniani walishindana humo kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa wananchi, mifugo na malori.

Miongoni mwa waliotamba alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Alishinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Hata hivyo, timu kubwa hazikutegemea ustadi wa madereva peke yake. Magari yalifungwa vyuma vya kukinga sehemu ya mbele na taa za ziada ili yaonekane kutoka mbali. Timu zenye uwezo zilirusha helikopta mbele ya magari yao ili kumwonya dereva kuhusu wanyama, watu na magari yaliyokuwa njiani. Dereva bora duniani alihitaji mtu angani wa kumwambia kilichokuwa nyuma ya kona.

Safari iliondolewa katika ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Iliporejea mwaka 2021, magari yalishindana kwenye sehemu zilizofungwa. Nje ya sehemu hizo, magari ya mbio hutakiwa kufuata sheria za barabarani kama gari lingine lolote.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 1974 watafiti wa Marekani Allan Williams na Brian O'Neill walilinganisha kumbukumbu za barabarani za madereva wenye leseni za mashindano na za madereva wa kawaida. Madereva wa mashindano, kwa wastani, walikuwa na ajali nyingi zaidi na makosa mengi zaidi, hasa ya kuzidisha mwendo. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba mafunzo ndiyo yaliyowaharibu. Yawezekana wapenda kasi ndio wanaovutiwa na mbio. Lakini yanaonyesha kwamba ustadi wa usukani haukuwalinda.

Tatizo jingine ni nani anayejihesabu kuwa stadi. Mwaka 1981, mtafiti Ola Svenson wa Sweden aliwauliza washiriki wajilinganishe na madereva wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani na asilimia 69 ya Wasweden walijiweka katika nusu ya juu kwa ustadi, ingawa nusu hiyo haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 50 ya watu.

Vipi kuhusu Ujerumani na magari ya dharura?

Wanaotetea kasi hutaja barabara kuu za Ujerumani, ambazo baadhi ya sehemu zake hazina kikomo cha lazima cha mwendo. Lakini huko magari ya pande mbili yametenganishwa, hakuna makutano ya kawaida, na watembea kwa miguu, baiskeli na pikipiki ndogo haviruhusiwi. Barabara ya Entebbe, ambayo ilifunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa mpangilio wa aina hiyo, na bado ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa.

Magari ya wagonjwa na ya zimamoto nayo huenda kasi, lakini hutumia ving'ora na taa za kumulika kwa sababu ileile iliyorusha helikopta za Safari: wengine wapate kujua mapema.

Kampala na kikomo cha kilomita 30

Mwezi Juni 2025 Uganda ilianza kutumia kamera na mfumo wa faini za kiotomatiki. Aliyezidisha hadi kilomita 30 juu ya kikomo alitozwa shilingi 200,000 za Uganda, na aliyepita hapo shilingi 600,000. Malalamiko yalizuka, hasa kuhusu kikomo cha kilomita 30 kwa saa katika baadhi ya maeneo ya mijini, na baada ya siku chache serikali ikausitisha mfumo huo ili upitiwe upya.

Hoja kuhusu kiasi cha faini na uwazi wa alama za barabarani zina msingi wake. Kikomo chenyewe, hata hivyo, kinalingana na ushauri wa kimataifa: Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka kilomita 30 kwa saa ziwe kikomo cha juu mahali ambapo watu na magari huchangamana.

Waswahili husema ajali haina kinga. Kwa upande wa kasi, kinga ipo, nayo huamuliwa kabla ya hatari kuonekana. Dereva stadi hujua namna ya kulitawala gari linapoanza kuteleza. Lakini mtoto anapoingia barabarani, kinachoamua zaidi ni tarakimu iliyokuwa kwenye kipimo cha mwendo sekunde moja kabla.