Mwenye kifafa si wa kutengwa: Somo la Mahenge kwa familia za Bonde la Kilombero

Msimu wa mpunga unapoanza, nyumba nyingi za Mchombe, Mngeta na vijiji vya jirani hubaki na watu wachache. Familia huhamia mashambani, hulala kwenye vibanda, hupikia mafiga matatu chini na kuchota maji mtoni au kwenye madimbwi. Watoto hupewa kazi ya kulinda ndege.

Kwa familia nyingi hayo ni maisha ya kawaida. Kwa familia yenye mtu anayeugua kifafa, kila kimoja kati ya hivyo ni hatari. Moto uko wazi na hauna kizuizi, maji yako karibu, na mara nyingi mgonjwa anabaki peke yake. Dawa nazo zimeachwa nyumbani, au ziliisha wiki mbili zilizopita na kituo cha afya kiko mbali.

Hatari hiyo haikuanza leo. Ng'ambo ya Mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge wilayani Ulanga, kuna historia ambayo kila mzazi wa bonde hili angefaa kuijua. Ni historia ya tabibu mmoja na wagonjwa ambao hakuna aliyetaka kuwagusa.

Daktari kijana afika Mahenge

Louise Jilek-Aall alizaliwa Oslo, Norway, mwaka 1931. Alikuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hajatimiza miaka 30. Wakati huo Ifakara ilikuwa imeanza kujulikana kwa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, kwani mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alikuwa ameanzisha hapo maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Huko Mahenge, miongoni mwa Wapogoro, daktari huyo alikuta watu wengi wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wagonjwa wa kifafa. Wengi walikuwa wamefichwa, wakila kwa vyombo vyao peke yao na kulala mbali na wenzao.

Sababu ilikuwa hofu. Watu waliamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, mkojo au hewa inayomtoka mgonjwa anapoanguka. Kwa hiyo mtu alipoangukia motoni, waliokuwa karibu waliogopa kumvuta. Ugonjwa wenyewe haukumuua, ila aliungua kwa kukosa mkono wa kumtoa.

Hata jina la ugonjwa linabeba hofu hiyo. Kifafa linatokana na kufa, kana kwamba mgonjwa hufa kidogo kila anapoanguka.

Mwaka 1960 kliniki ya kifafa ikaanza kazi Mahenge. Dawa kubwa ilikuwa phenobarbital, dawa ya bei nafuu inayotumika hadi leo. Lakini nusu ya kazi ilikuwa ni kukaa na watu. Daktari aliwagusa wagonjwa mbele ya ndugu zao, akawasikiliza wazee, na akajifunza jamii inavyouelewa ugonjwa kabla ya kuanza kuifundisha.

Watoto wanaosinzia kichwa

Kati ya wagonjwa hao walikuwemo watoto wenye dalili ya ajabu. Kichwa kilikuwa kikiinama na kuinuka mara kwa mara, kama mtu anayezidiwa na usingizi, ingawa mtoto hakuwa amelala. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Baadaye wengi wao walianza kuanguka kifafa kamili.

Jilek-Aall aliandika habari za watoto hao katika miaka ya 1960. Miongo kadhaa baadaye, hali kama hiyo ilipowakumba watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, watafiti walirudi kwenye maandishi ya Mahenge. Tafiti za miaka ya karibuni zinauhusisha ugonjwa huo na usubi, ugonjwa unaoletwa na minyoo inayosambazwa na nzi weusi wa kandokando ya mito iendayo kasi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumeza dawa ya ivermectin kila inapogawiwa kijijini.

Kutoka Mahenge hadi Canada

Jilek-Aall hakuishia Ulanga. Alihudumu Kongo wakati wa machafuko yaliyofuata uhuru wa mwaka 1960, kisha akafanya kazi na Albert Schweitzer katika hospitali ya Lambaréné, Gabon. Baadaye alisomea tiba ya magonjwa ya akili na kuhamia Canada, ambako alifanya kazi pamoja na mumewe, Wolfgang Jilek, naye daktari wa akili.

Huko British Columbia wagonjwa wao walikuwemo wenyeji wa asili wa pwani, Wasalish, ambao wengi walikuwa wameelemewa na huzuni na ulevi baada ya mila zao kupigwa vita kwa miaka mingi. Wanandoa hao hawakuzidharau ngoma za kimila za watu hao. Waliona zinawarudishia baadhi ya wagonjwa heshima na nguvu ya kuishi, wakashirikiana na wazee wa huko.

Hivyo ujuzi wake ulihusu kifafa, magonjwa ya akili, na namna utamaduni wa mgonjwa unavyogusa tiba yake. Kwa Mpogoro wa Mahenge na kwa Msalish wa Canada alianza na swali lile lile: watu wako wanasema una nini, na wanakutendeaje?

Miaka 30 baadaye

Jilek-Aall aliendelea kuifuatilia kliniki ya Mahenge kwa miaka mingi. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, H. T. Rwiza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Kati ya waliotumia dawa, wapo walioacha kabisa kuanguka na wapo waliopata nafuu kubwa.

Lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wameshafariki, na vifo vingi vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, kuzama majini, kuungua.

Mwaka huo huo Rwiza na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji 11 vya Ulanga wenye watu zaidi ya 18,000. Walikuta watu 10 hivi wenye kifafa katika kila watu 1,000. Kwa kiwango hicho, kijiji cha watu 3,000 kina wagonjwa 30. Ukiona kijijini kwako wanajulikana wawili tu, jiulize wengine wamefichwa wapi.

Kifafa kinatokana na nini?

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate, mkojo wala kwa kula sahani moja. Kinaweza kuletwa na malaria kali iliyopanda kichwani, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa kama la ajali ya bodaboda, au mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe. Kwa wengine sababu haijulikani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi.

Ndugu wafanye nini?

Mgonjwa akianguka, mwondoe penye moto, maji au vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee nguo za shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji mpaka azinduke vizuri. Povu halikudhuru.

Tazama saa. Akizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Fanya hivyo pia kama ni mjamzito, kama ameumia, au kama ni mara yake ya kwanza.

Dawa humezwa kila siku, hata mgonjwa akikaa miezi bila kuanguka. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kibaya kuliko cha mwanzo. Mwanamke anayetumia dawa za kifafa na anayepanga kushika mimba azungumze na daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa, hasa valproate, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa wanaohamia mashambani, chukueni dawa za kutosha kabla mvua hazijaharibu barabara ya kwenda Ifakara. Inueni jiko au liwekeeni kizingio. Mgonjwa asitumwe mtoni peke yake, asipande mti wala dungu la kulindia ndege, na asilale kibandani bila mtu karibu yake.

Kwenda kwa mganga au kwenye maombi ni uamuzi wa familia, na wengi hupata faraja huko. Lakini dawa ya hospitali isiachwe kwa sababu hiyo.

Mtoto mwenye kifafa apelekwe shule, na mwalimu aambiwe mapema nini cha kufanya akianguka. Nyumbani ale sahani moja na ndugu zake. Huko Mahenge, dawa iliwasaidia waliomeza. Lakini ili mtu afike kwenye dawa, ilibidi kwanza awepo ndugu mmoja aliyekubali kumshika mkono.