Matapishi ya Kijani

Mtoto mchanga anyonyaye kisha akacheua maziwa meupe aghalabu hana la kumtia mzazi hofu, lakini yule ambaye, katika siku zake za mwanzo duniani, hutapika majimaji ya kijani mithili ya mchicha uliopondwa, huyo ni mgonjwa wa dharura, na ni wajibu wa tabibu kumdhania kuwa utumbo wake umeziba mpaka ithibitike vinginevyo. Rangi hiyo ni ya nyongo, nayo huingia utumboni kupitia kijitundu kilicho chini kidogo ya tumbo la chakula. Basi kizuizi kikiwa chini ya hapo, nyongo hukosa njia ya kushuka, ikarudi pamoja na maziwa.

Wengi hungojea tumbo livimbe ndipo washtuke, na kungojea huko ndiko nikuogopako kuliko yote, maana utumbo uliojisokota na kuibana mishipa yake ya damu waweza kufa kwa saa chache, ilhali tumbo lingali bapa na mtoto amekwisha pata choo. Tumbo huvimba hasa kizuizi kikiwa chini, na hapo matapishi nayo huchelewa.

Kwa hiyo mkunga aulize saa ya choo cheusi cha kwanza, ambacho watoto wengi waliotimiza miezi hukipata ndani ya saa 24. Kikipita saa 48, yafaa kushuku maradhi aliyoyaeleza Harald Hirschsprung wa Copenhagen mwaka 1886, ambamo mwisho wa utumbo hukosa neva za kuusukuma uchafu. Kadhalika alitazame tundu la haja kubwa, kwani wapo wazaliwao bila hilo, na kulitazama hakuhitaji mtambo wowote.

Eksirei nayo hutumia hewa ile ile aliyoimeza mtoto: mapovu mawili makubwa, pasipo hewa yoyote mbele yake, ni dalili bayana kwamba utumbo umeziba pale mwanzoni kabisa.

Hapa Chato, hospitali ya rufaa ya kanda i karibu, na kwa anayepelekwa Bugando, Mwanza, kivuko cha Busisi hakimngojeshi tena tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025. Saa zipoteazo sasa ni zile za nyumbani, mtoto akinyweshwa dawa ya mchango. Kabla ya safari asimamishwe kunyonya, apitishiwe mpira puani hadi tumboni, awekewe dripu, afunikwe apate joto. Na ile kanga yenye doa la kijani isifuliwe, bali mama aende nayo, amwonyeshe daktari.