Chemirocha na Twisti: Bluzi Ilivyofika Kwetu

Haya vijana, pigeni makofi kwanza. Moja, mbili, tatu, nne: hicho ni kipimo kimoja. Vikifika vipimo 12, wimbo unarudi mwanzo. Sasa tuweke maneno juu yake. Mstari wa kwanza unataja shida. Wa pili unaitaja tena, kwa sababu mwenye shida hasemi mara moja akanyamaza. Wa tatu unajibu. Nimewatungia wa hapa hapa Kariobangi:

Maji yamepotea tangu Jumatatu, mtungi wangu umekauka.
Nasema maji yamepotea tangu Jumatatu, mtungi wangu umekauka.
Mwenye mkokoteni akipita, bei yake nayo imeruka.

Kila mstari ukiisha kuna nafasi inayobaki. Msiijaze kwa maneno, ni ya gitaa. Gitaa humjibu mwimbaji, humcheka, au hulia naye. Mkifanya hivyo mmeshaimba bluzi, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliouzwa utumwani.

Najua mtaniuliza: mbona hatuisikii? Matatu zinazopita Outering Road zinapiga gengetone, rege na injili, na hakuna makanga anayetangaza bluzi. Ni kweli. Bluzi haikuja kwetu ikijitaja. Ilipita kwa watu wengine, ikabadilishwa jina kila ilipofika. Nitawapa majina mawili.

La kwanza ni twisti. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Hank Ballard, pamoja na kundi lake la The Midnighters, walitoa wimbo uitwao The Twist. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri, ule ambao hakuna anayetegemea uuze. Uhesabuni: vipimo 12, bluzi tupu, ila imechangamka. Mwaka uliofuata kijana aitwaye Chubby Checker akaurudia. Hiyo ndiyo kava, yaani wimbo wa mtu ulioimbwa upya na mwingine. Checker alimfuata Ballard kwa karibu mno, hata husimuliwa kwamba Ballard aliposikia ile kava redioni alidhani ni sauti yake mwenyewe. Ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1960, ikapanda tena hadi nafasi hiyo hiyo mwanzoni mwa 1962. Ballard ndiye aliyetunga, lakini jina lililovuka bahari ni la Checker. Mimi kava ya kunakili hivyo hainisisimui. Hata hivyo nakiri kwamba bila yake twisti isingefika mbali.

Twisti ilipotua Nairobi, wanamuziki wetu walilichukua jina, wakachukua na ule mchezo wa kuzungusha kiuno na kukunja magoti. Muziki wenyewe waliufumua. Nendeni kwa mafundi wa Light Industries hapa mtaani mkaone: pipa la mafuta linaingia likiwa pipa, linatoka likiwa jiko. Ndivyo walivyofanya Equator Sound Band, bendi ya studio iliyoongozwa na Fadhili William. Ndani yake walikuwamo Daudi Kabaka na Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Mapigo waliyatoa kwenye kwela, muziki wa filimbi za vijana wa mitaani Afrika Kusini. Magitaa wakayafanya yasemezane, moja likiuliza na jingine likijibu. Hesabuni vipimo 12 kwenye twisti za Kabaka, mtapotea njiani. Na yeye mwenyewe alituachia wimbo aliouita African Twist, ili asiwepo wa kubisha ni ya nani.

Halafu jambo likageuka. Kabaka aliimba Helule Helule. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, wakaufanyia kava, ukafika nafasi ya 14 kwenye chati za huko. Mnaona mzunguko huo? Muziki wa watu weusi wa Marekani umekuja Nairobi, umevunjwavunjwa na kuundwa upya, kisha vijana wa Kizungu wanaukopa kutoka kwetu.

Na msidhani walirekodi kama mnavyoona leo, mmoja anaimba Jumatatu na mwingine anaongeza besi Ijumaa kwa kompyuta. Zama zile bendi ilipiga pamoja, chumba kimoja, na mmoja akikosea wote wanaanza upya. Hata ndani ya studio, ule ulikuwa muziki wa laivu.

Kuna rekodi ya laivu zaidi ya hiyo, na ndipo linapokuja jina la pili, Chemirocha. Hilo nalo linaanzia Marekani. Jimmie Rodgers alikuwa Mzungu wa Mississippi, mfanyakazi wa reli, aliyejifunza bluzi kwa vibarua weusi wa relini. Aliichanganya na kuimba kwa kuivunja sauti kooni, ikipaa na kushuka kama ya wachungaji wa milima ya Uswisi. Kuanzia mwaka 1927 alirekodi mfululizo wa nyimbo alizoziita Blue Yodel. Akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Wale wazee wenu wanaoweka Jim Reeves na Kenny Rogers Jumapili mchana, huyu Rodgers ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huo wa kantri.

Santuri za Rodgers zilifika nchi ya Wakipsigis. Watu walisikia sauti ya ajabu ikitoka sandukuni bila mwenyewe kuonekana. Jina lake vinywani mwao likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mitambo yake, akarekodi nyimbo kadhaa zinazomtaja. Katika mojawapo, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wanamwita Chemirocha aje acheze. Tracey aliandika kwamba walimwazia kuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama. Rodgers alikuwa amekwisha kuwa marehemu kwa miaka 17, lakini kule Kapkatet bado alikuwa kijana wa kualikwa ngomani!

Zaidi ya miaka 60 baadaye, wahifadhi wa rekodi za Tracey walishirikiana na Ketebul Music ya hapa Nairobi, wakazirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis na kuwapigia wazisikie.

Mwenye simu yenye bando atafute Chemirocha III. Msitafute gitaa humo wala vipimo 12, hamtavipata. Mtasikia kinubi cha Kikipsigis na wasichana wakiimba, basi. Kisha wekeni Blue Yodel yoyote ya Rodgers, mniambie mmesikia undugu wao mahali gani, maana mimi na rafiki zangu bado tunabishana.